Baba kaacha wanga, sukari imeshuka, LDL imepanda hadi 5.7. Nani yuko sahihi?

Binti wa Mwalimu

Habarini wakuu, na shikamooni mliotutangulia.

Naomba msaada wenu, na naomba tusitukanane, maana nimeshaona mada za vyakula zinavyogeuka vita humu ndani.

Baba yangu ana miaka 66, mwalimu mstaafu, tunaishi Morogoro. Kisukari anacho siku nyingi, na presha pia. Mwaka jana mwenzake wa kwaya alimuunga kwenye kundi la WhatsApp la watu wanaokula bila wanga. Nyumbani kukabadilika. Ugali ukatoka, wali ukatoka, ndizi, viazi, mpaka maharage yakaambiwa nayo ni wanga. Yakaingia mayai manne kila asubuhi yaliyokaangwa kwa samli, supu ya makongoro, kuku na ngozi yake, na kahawa inayotiwa mafuta ya nazi hadi kikombe kinang'aa juu.

Matokeo tumeyaona, siwezi kudanganya. Kutoka kilo 94 yuko 81. Kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu kimetoka 9.1 hadi 6.7. Mkanda wake ameuongezea tundu kwa msumari, na kila mgeni akija lazima aonyeshwe tundu hilo.

Shida imeanzia kwenye kipimo cha mafuta ya damu. Kabla ya mambo haya LDL, ile lehemu wanayoiita mbaya, ilikuwa 3.4, sasa ni 5.7. Trigliseridi, ambazo ni mafuta mengine ya damu, zimeshuka kutoka 2.8 hadi 1.3, na ile HDL wanayoiita nzuri imepanda kidogo, 0.9 hadi 1.2. Daktari kasema aache samli na mafuta ya nazi, na aanze atorvastatini, dawa ya kushusha lehemu. Baba kagoma kabisa. Kundi limemwambia LDL ni hadithi ya viwanda vya dawa. Na ana hoja yake moja ambayo akishaitoa anavua miwani, maana yake mjadala umefungwa: "Wamasai wanaishi kwa maziwa na nyama tangu enzi na enzi. Nitajie Mmasai mmoja aliyekufa kwa moyo."

Dawa ziko juu ya kabati, bado zimo kwenye bahasha ya khaki. Mama anapika sufuria mbili na amechoka.

Jambo jingine dogo: kuna usiku baba anaamka ameloa jasho, mikono inatetemeka. Anasema ni mwili unatoa sumu. Dawa za sukari anameza zilezile za zamani, metformini na glibenklamidi.

Nani yuko sahihi hapa, baba au daktari?

Bila Wanga

Dada, mpe baba pongezi na umwache aendelee. Kilo 13 zimeondoka, sukari imeshuka, trigliseridi zimekatika nusu, bado mnamtafutia ugonjwa? Hayo ndiyo mambo yanayoua Watanzania, siyo yai.

Soma historia. Ancel Keys, mtafiti wa Kimarekani, alikuwa na takwimu za nchi 22, akachagua saba zilizomfaa akatangaza mafuta yanaua. Profesa Yudkin wa London aliposema tatizo ni sukari, wakamcheka. Na mwaka 1967 watafiti wa Harvard wakaandika makala ya kuisafisha sukari na kuyabebesha mafuta lawama, kumbe walilipwa na wenye viwanda vya sukari! Hiyo ilifichuliwa mwaka 2016, siyo siri tena. Halafu ukaja utafiti wa PURE mwaka 2017: watu zaidi ya 135,000, nchi 18. Waliokula wanga mwingi zaidi ndio waliokufa zaidi, na waliokula mafuta zaidi walikufa kidogo.

Sisi tunakula mlima wa ugali na kijiko cha mchicha, kisha tunashangaa kisukari kinatoka wapi. Mimi mwenyewe nilikuwa natembea na kitambi mbele kama mjamzito, leo nafunga kamba za viatu bila kukaa chini. LDL yangu nayo ilipanda. Sijali.

Tabibu wa Longido

Binti wa Mwalimu, marahaba.

Naanza na hilo uliloliita dogo, maana ndilo la haraka kuliko yote. Mzee kuamka usiku ameloa jasho na kutetemeka siyo sumu inayotoka. Hiyo ni sukari inashuka. Glibenklamidi kazi yake ni kulikamua kongosho litoe insulini, na inalikamua tu, uwe umekula au hujala. Dozi ile alipangiwa mtu anayekula ugali mchana na wali usiku. Mtu huyo hayupo tena mezani, dozi imebaki. Metformini ikiwa peke yake haina tabia hiyo, glibenklamidi inayo, na kwa mzee wa umri wake inaweza kumlaza asiamke. Mpigieni daktari leo, msingoje kliniki ijayo, aipunguze au aiondoe. Na mashine ya kupima sukari iwe kando ya kitanda. Akitetemeka apime, ikiwa chini ya 3.9 anywe soda yenye sukari au maji yenye sukari, kundi lipende lisipende. Angalizo: soda isiwe ile ya "bila sukari", nimewahi kukuta familia inamnywesha mgonjwa hiyo.

Sasa tuje kwa Wamasai. Hapa ngoja nivute kigoda, maana huyo Mmasai anayetajwa kila siku kwenye makundi yenu ni baba yangu na babu yangu. Mimi ni mzaliwa wa Longido, nimefanya kazi ya utabibu kwenye zahanati za huku mpaka nikastaafu.

Ni kweli tulichunguzwa. Mwaka 1964 daktari wa Kimarekani, George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, alichapisha utafiti kuhusu wanaume wa Kimasai 400 wa Tanganyika. Maziwa na nyama kweli walikuwa wanatumia, na dalili za ugonjwa wa moyo hakuona za maana. Hiyo ndiyo nusu ya habari inayozunguka kwenye simu. Nusu ya pili ilitoka mwaka 1972. Mann akiwa na wenzake, mmojawapo Anne Spoerry, yule mama daktari aliyekuwa akiendesha mwenyewe ndege ndogo ya AMREF, walichunguza mioyo ya wanaume wa Kimasai 50 waliokwisha kufa. Wakakuta kuta za mishipa zimenenepa kwa mafuta, karibu sawa na za wazee wa Marekani. Kilichotuokoa ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka, damu ikapata njia. Mann aliona sababu ni mwendo. Na mwendo wenyewe siyo wa kuzunguka uwanja wa mpira jioni: unatoka na ng'ombe jua halijachomoza, unawafuata hadi majini na kurudi, kesho tena.

Na chakula chenyewe watu wanakisimulia vibaya. Nyama haikuwa ya kila siku. Nani atachinja mali yake kila siku? Tulikuwa watu wa maziwa, hasa yaliyolala kwenye kibuyu mpaka yakawa mazito, kule naoto. Bibi yangu alikuwa anachukua kijinga cha oloirien, ule mzeituni wa porini, anakisugua ndani ya kibuyu kikiwa bado kina moto, anapangusa majivu, ndipo anamimina maziwa. Ukinywa unaanza kusikia moshi, maziwa baadaye. Nyama ya kushiba ilikuwa ya orpul, morani wanakwenda porini na mnyama wao wanakaa huko mpaka aishe. Supu yake haikunywewa bila magome na mizizi, olkiloriti na mingine, michungu hiyo mpaka masikio yanasimama. Yai la kukaanga kwa samli sikuliona utotoni.

Mmasai wa leo je? Njoo Longido siku ya mnada. Utamkuta anakula ugali, wali, na chapati iliyokaangwa kwa mafuta ya dumu la njano, chai ya maziwa sukari vijiko vitano. Na bodaboda ndiyo inayotembea, yeye amekaa. Presha tunayo, kisukari tunacho, viharusi nimevipokea kwa mikono yangu. Mimi mwenyewe nameza amlodipini ya presha kila asubuhi.

Ila hata ukiyaweka yote hayo pembeni, hoja ya mwalimu inaanguka hapa: wale wazee wa Mann walipopimwa damu, lehemu yao ilikuwa chini. Chini kuliko ya Wamarekani kwa mbali. Baba yako yuko 5.7. Ukishafika 4.9 madaktari hawasubiri kupiga hesabu nyingine, wanaanza dawa. Kwa hiyo asijifiche ndani ya shuka letu, damu yake haifanani na yetu.

Binti Pangani

Tabibu nimecheka hapo kwenye shuka. Na sisi watu wa Pwani tumechoka kutumiwa. Kila mwenye kuuza mafuta ya nazi anasema "wazee wa Pwani walikula nazi wakaishi miaka mia".

Tulikula nazi ndiyo. Nazi moja inakunwa kwa mbuzi, inakamuliwa tui zito na tui jepesi, inapikia samaki na kisamvu cha watu saba au wanane. Gawanya sasa. Hakuna mzee Pangani aliyekuwa anaamka anamimina mafuta ya nazi kwenye kahawa! Mafuta ya nazi yaliyochujwa tulipaka nywele. Nazi ndani ya samaki, kunde na mchicha ni chakula. Vijiko vitatu vya mafuta matupu tumboni asubuhi, hicho sijui tukiiteje.

Bila Wanga

Tabibu nakuheshimu, lakini hujagusa hata moja niliyosema kuhusu Keys na Harvard. Na PURE je?

Tabibu wa Longido

Kijana, nakuja. Nilikuwa naangalia mbuzi.

La Harvard ni kweli kabisa na ni aibu. Lakini kwamba mwenye sukari alimhonga mwenye kalamu hakuifanyi samli kuwa dawa. Sukari inaweza kuwa na hatia na siagi ikawa na yake.

La Keys umechanganya mambo mawili, na siyo wewe peke yako, mtandao mzima umechanganya. Mwaka 1953 alichora mchoro wa nchi sita, na mwaka 1957 wenzake wawili, Yerushalmy na Hilleboe, wakamsuta kwamba takwimu za nchi 22 zilikuwepo. Walikuwa na haki ya kumsuta. Utafiti wa nchi saba ni mwingine, ulianza mwaka 1958, yeye na wenzake walikwenda vijijini kupima watu wenyewe. Na angalia walichokuta: wanaume wa kisiwa cha Krete, Ugiriki, karibu asilimia 40 ya nguvu ya chakula chao ilitoka kwenye mafuta, na moyo ulikuwa hauwasumbui. Watu wa mashariki mwa Finland, mafuta yao nayo mengi, walikuwa wanaanguka kuliko wote. Mmoja anakula mafuta ya zeituni, mwingine siagi na maziwa yasiyoenguliwa. Mtu aliyesoma utafiti ule vizuri hawezi kutoka akisema "mafuta yote yanaua". Waliosema hivyo ni waliokuja baadaye, wakatuletea biskuti zilizoandikwa "mafuta kidogo", zimejaa sukari. Hapo mimi na wewe tuko upande mmoja.

PURE nimeisoma. Waliokuwa hatarini ni wale ambao wanga ulipita asilimia 60 ya chakula chao. Ni watu gani hao? Wengi ni masikini wa nchi kama Bangladesh, Pakistani, Zimbabwe, wanaokula wali mweupe na mkate kwa sababu hakuna kingine, na hospitali iko mbali. Sasa kilichomuua ni wali, au ni umasikini ulioleta wali mtupu? Utafiti wa kuangalia tu watu wanavyoishi hauwezi kutenganisha hayo barabara. Lakini siwezi kukataa kwamba sahani yetu ina wanga kupita kiasi. Mwalimu kuupunguza alifanya jambo la maana, na kipimo chake cha sukari kinamtetea.

Tatizo langu ni alichokiweka pale ugali ulipotoka. Mjadala huu wote wa miaka 70 ungekuwa mfupi kama watu wangeuliza hivyo kila mara: umetoa nini, umeweka nini? Toa siagi uweke mkate mweupe na soda, moyo haupati faida. Toa siagi uweke mafuta ya alizeti, karanga, samaki, hapo faida inaonekana. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya majaribio 15: kupunguza mafuta ya kuganda, ya aina ya samli na nazi, kulipunguza matukio ya moyo na kiharusi kwa kama asilimia 17. Vifo vyenyewe havikubadilika sana, nasema na hilo ili usije ukanirushia kesho.

Mfano wa karibu yetu, hapohapo Bahari ya Hindi. Mauritius mwaka 1987 serikali ilibadilisha mafuta ya kupikia ya bei ya chini yaliyokuwa yanatumiwa na wengi: yalikuwa mawese kwa sehemu kubwa, wakaweka ya soya. Watu hawakuambiwa waache wali. Kufikia mwaka 1992 lehemu ya wastani ya watu wazima ilikuwa imetoka 5.5 hadi 4.7. Ni chupa tu iliyobadilika jikoni, ingawa kulikuwa na kampeni nyingine za afya pembeni.

Na hilo la "LDL yangu imepanda, sijali", mdogo wangu, una umri gani? Mshipa hauumi wakati unajaa.

Bila Wanga

41. Haya, nimekusikia. Lakini ugali sirudii.

Tabibu wa Longido

Sijakuambia urudie.

Binti wa Mwalimu

Tabibu, Mungu akubariki. Daktari tumempigia jana ileile, glibenklamidi kaisimamisha, metformini inaendelea. Usiku wa kuamkia leo baba kalala moja kwa moja.

Nimemsomea ile ya mioyo 50. Alinyamaza, akaniambia nirudie hapo kwenye kutanuka kwa mishipa. Kisha akauliza, "Huyo tabibu ni Mmasai kweli au anajiita?" Nimemwambia anaangalia mbuzi. Hajasema atameza dawa, ila bahasha imeshuka kutoka juu ya kabati, sasa iko mezani.

Nina maswali. Je, lazima arudi kwenye wali? Maana akirudi huko naogopa sukari. Na mama anauliza mawese ya Kigoma tunayoletewa na shangazi, yale mekundu, ni sawa? Halafu kuna jambo sikuliandika mwanzo kwa sababu sikujua kama linahusu: baba alikuwa na kaka zake wawili, wote walifariki ghafla kabla ya miaka 55. Mmoja alikuwa anapanda ngazi za ofisini.

Tabibu wa Longido

Hilo la mwisho linahusu kuliko yote, na daktari lazima aambiwe. Kaka wawili, ghafla, kabla ya 55. Kuna lehemu ya juu ya kurithi. Nchi nyingi wanakadiria mtu mmoja kwa kila kama 250 anayo. Mwenye nayo kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Ile 3.4 aliyokuwa nayo kabla ya samli hainionyeshi sura kamili ya ugonjwa huo, ningetegemea iwe juu zaidi hata kabla. Lakini mtu mwenye kisukari, presha, miaka 66, na kaka wawili waliokufa hivyo, hata LDL yake ingekuwa 3 ningemwambia ameze statini, yaani dawa za jamii ya hiyo atorvastatini. Mwenye kisukari akishavuka miaka 40 dawa hiyo inashauriwa kwa kawaida. Mwambieni daktari aongeze na kipimo cha tezi la shingo, likilegea nalo linapandisha LDL.

Wali asiurudie kama hautaki. Abaki na wanga kidogo, lakini jiko libadilike. Samli na mafuta ya nazi vitoke, yaingie ya alizeti, ya Singida yapo tele. Mayai siyo adui, ila yachemshwe, na manne kila siku kwa mtu wa 5.7 ni mengi. Dagaa, sangara, samaki yeyote. Karanga zisizo na chumvi kiganja kimoja. Parachichi. Na maharage, kunde na choroko zirudi! Kuzifukuza maharage kwa kosa la wanga ni uonevu. Zinapandisha sukari taratibu sana na zinavuta lehemu chini. Bakuli la kunde na mboga za majani nyingi, mama anapika sufuria moja, wote mnakula.

Mawese mekundu yana vitamini A nzuri, siyatukani, lakini nusu yake ni mafuta ya kuganda. Shangazi akileta mpikeni siku mojamoja, kwenye maharage yanapendeza kweli. Yasiwe ya kila siku na yasiwe ya baba.

Kipimo arudie baada ya wiki kama nane za jiko jipya na dawa, maabara ileile. Na aangalie kama karatasi imeandikwa mmol au mg, nimewaona watu wakishangilia wameshuka kumbe wamebadilisha kizio.

Wewe una miaka mingapi?

Binti wa Mwalimu

34. Sijawahi kupima.

Tabibu wa Longido

Siku hiyo ya baba panda naye kwenye foleni. Na wadogo zako wapigie simu.

Binti Pangani

Na mama naye apime jamani, amekula sufuria zote mbili mwaka mzima.